Picha imetikisika na kamera iko kwenye tripodi: namna ya kuukamata mtetemo wa kioo na shata

Umeifunga kamera kwenye tripodi, fokasi umeiweka kwa uangalifu, upepo umetulia. Ukiikuza picha kwenye kompyuta unakuta mistari imevimba kama wino uliomwagiwa maji. Unajaribu tena kwa 1/500 ya sekunde, inatoka safi. Kwa 1/15, imetikisika. Unaiacha shata, yaani pazia la ndani linaloruhusu mwanga kuingia, wazi kwa sekunde nne nzima, na cha ajabu, picha inarudi kuwa kali.

Hapo ndipo wengi huanza kuishuku lenzi, na mimi nilikuwa mmoja wao. Karibu mwaka mzima niliamini kwamba lenzi yangu ya milimita 300 ni mbovu. Niliisafisha, nikaipeleka kwa fundi, nikarudi nayo vilevile, maana haikuwa na ugonjwa wowote. Kamera ilikuwa inajitikisa yenyewe kila nilipobonyeza kitufe.

Kwa hiyo kabla hujatoa pesa kununua lenzi nyingine, pima. Kazi yenyewe inachukua jioni moja.

Kinachotokea ukishabonyeza

Ndani ya kamera ya DSLR, ile ya kidijitali yenye kioo, kuna kioo kilichoegemezwa mshazari mbele ya shata, kazi yake ni kurusha mwanga juu kwenye kitundu cha kutazamia. Ukibonyeza, kioo kinaruka na kugota juu, upenyo wa lenzi (tundu la kupitishia mwanga) unabana, halafu pazia la kwanza la shata linakimbia kukifunua kihisi, kile kibati kinachopokea picha. Muda ukiisha, pazia la pili linafuata kukifunika, na kioo kinashuka mahali pake. Unasikia mlio mmoja, lakini ni vishindo kadhaa vilivyofuatana. Vinavyoharibu picha ni viwili: kugota kwa kioo na mwendo wa pazia la kwanza. Vya baadaye havina neno, kwa kuwa picha imeshaandikwa. Ila ukipiga mfululizo, kishindo cha mwisho cha picha moja kinakuwa balaa la picha inayofuata.

Wenye kamera zisizo na kioo hudhani wamepona. Hawajapona wote. Kwenye kamera hizo shata hukaa wazi muda wote ili kihisi kiweze kuonyesha picha kwenye skrini. Ukibonyeza, pazia linalazimika kufunga kwanza, kisha lifunguke ndipo picha ianze. Kule kufunga kwa ghafla hutangulia picha kwa muda mfupi mno, na mwili wa kamera ni mwepesi, hauna uzito wa kukimeza kishindo. Mfano uliojulikana sana ni Sony A7R ya mwaka 2013. Ilikuja na kihisi cha megapikseli 36 lakini bila pazia la kwanza la kielektroniki (kihisi kuanza picha chenyewe bila chuma kutembea), wakati ndugu yake A7, wa megapikseli 24, alikuwa nalo. Waliofunga lenzi ndefu kwenye A7R wakaona picha zao zikilegea kwenye kasi fulani za shata. A7R II ilipotoka mwaka 2015, pazia hilo likawemo.

Mtu anaweza kuuliza: kweli kipande kidogo cha chuma kinaweza kuitikisa kamera iliyofungwa kwenye tripodi nzito? Tupige hesabu. Kihisi cha megapikseli 36 chenye upana wa milimita 36 kina pikseli zipatazo 7,360 kwa upana, yaani kila pikseli ina takriban mikroni 4.9. Weka lenzi ya milimita 400. Ili picha ihame pikseli moja tu, inatosha kamera igeuke kwa pembe ndogo kiasi kwamba, kwenye umbali wa sentimita 10 kutoka mahali ilipofungwa, inasogea mikroni 1.2 hivi. Unywele wa binadamu una unene wa mikroni kama 70. Kamera ikisogea sehemu ya hamsini ya unywele, ukali wa pikseli moja umekwenda. Hakuna jicho litakaloona mwendo huo, na hakuna tripodi isiyopinda kiasi hicho.

Kwa nini basi kasi za katikati ndizo zinazoumia? Kamera, lenzi na tripodi kwa pamoja ni kama uma uliogongwa: vinatetemeka mara kadhaa kwa sekunde, kisha vinatulia. Ukipiga kwa 1/1000, shata inafunga kabla mtetemo haujapata nafasi ya kusogea mbali. Ukipiga kwa sekunde tano, mtetemo unakula sehemu ndogo ya mwanzo, na muda wote uliobaki kamera imetulia, kwa hiyo ile sehemu iliyotikisika inazama ndani ya picha nzuri. Katikati ndipo pabaya: mtetemo unajaza karibu muda wote wa picha. Kwa DSLR kwenye tripodi, eneo hilo huwa mara nyingi kati ya 1/60 na sekunde moja. Kwa kamera isiyo na kioo, hasa ikiwa mkononi, mara nyingi huwa juu zaidi, kati ya 1/60 na 1/250. Namba hizi zichukue kama pa kuanzia kutafuta tu. Kamera yako na lenzi yako zina namba zao.

Hatua ya kwanza: isome picha iliyotikisika

Kuza picha hadi asilimia 100, utafute sehemu yenye mistari ya wima na ya mlalo karibu karibu: dirisha, maandishi, matofali.

Kama fokasi ndiyo yenye kosa, mistari yote inalegea sawasawa, na kwa kawaida kuna kitu kingine mbele au nyuma ya ulichokilenga ambacho kimetoka kali. Kama ni mkono wako uliotikisika, ukungu unakwenda mshazari au unachora mkunjo. Mtetemo wa kioo na shata una alama yake. Kioo kinaruka juu, na mapazia ya shata nyingi za kisasa yanakwenda wima, hivyo kamera ikiwa imelala kawaida, mistari ya mlalo inavimba huku ya wima ikibaki kali.

Alama nyingine ni mstari kuonekana mara mbili badala ya kufifia. Kitu kinachotetemeka hukawia kwenye ncha zake, pale kinapogeuka, na kupita haraka katikati. Kihisi kinarekodi zaidi zile ncha mbili, ndiyo maana ukingo mmoja wa ukuta unaweza kuonekana kama kingo mbili zilizolaliana. Ukiiona hiyo, uko karibu na jibu.

Hatua ya pili: pima

Unahitaji chumba chenye giza kiasi, taa moja unayoweza kuisogeza, ukurasa wa maandishi madogo uliobandikwa ukutani, na kipande cha karatasi ya alumini ukifinye kiwe kidonge kidogo. Kidonge hicho ukikimulika kinatoa vinukta vikali vya mwanga, na kila kinukta ni kalamu: kamera ikitetemeka, kinukta kinachora njia yake. Bandika kidonge kando ya maandishi.

Weka lenzi ndefu uliyo nayo. Fokasi iwe ya mkono, uiweke kwa kukuza picha kwenye skrini, kisha usiiguse tena. Zima kizuia mtikisiko, kama kipo kwenye lenzi na kama kipo kwenye mwili wa kamera. Upenyo uache kwenye f/8 mwanzo hadi mwisho. Ukiubadilisha katikati, ukali wa lenzi nao utabadilika na hutajua nani mkosaji.

Kisha piga kwa kasi hizi: 1/125, 1/60, 1/30, 1/15, 1/8, 1/4, 1/2 na sekunde moja. Kamera isiyo na kioo iongezee 1/250. Kwa kila kasi piga kwa njia zote ulizo nazo: kwanza kawaida kabisa, kwa rimoti au taima, pili kioo kikiwa juu tayari, tatu kwa pazia la kwanza la kielektroniki, nne kwa shata ya kielektroniki kamili, isiyotumia chuma mwanzo wala mwisho, kama kamera inayo. Kila njia ipige picha tatu, maana mtetemo haufanani kila mara na picha moja inaweza kukudanganya.

Tatizo litakuwa mwanga. Kutoka sekunde moja hadi 1/125 ni hatua saba, kila hatua ikipunguza mwanga kwa nusu. Nne zifidie kwa ISO, yaani wepesi wa kihisi kuitikia mwanga, kutoka 100 hadi 1600. Tatu zilizobaki zifidie kwa taa: ikitoka mita 3 na kuja mita 1 kutoka ukutani, mwanga unaongezeka mara tisa hivi, na hatua tatu ni mara nane. Inatosha.

Unapolinganisha, usiweke picha ya ISO 1600 kando ya picha ya ISO 100 na kusema moja ina chengachenga. Linganisha njia na njia ndani ya kasi ileile. Kwa 1/15 weka ya kawaida, ya kioo juu na ya kielektroniki pamoja. Kama zote zinafanana, kasi hiyo haina tatizo kwako. Kama ya kawaida imelegea na nyingine ni kali, umempata mwizi. Na kama zote zimelegea vilevile, kioo hakina hatia: angalia fokasi, sakafu ya mbao inayocheza unapotembea, au tripodi yenyewe.

Andika matokeo kwenye karatasi ndogo, uibandike ndani ya kifuniko cha begi la kamera. Yangu ina mstari mmoja tu: «300, kuanzia 1/40 hadi 1/3, kioo juu». Mwaka mzima wa mashaka uliishia kwenye mstari huo.

Hatua ya tatu: kwa wenye kioo

Tafuta kwenye menyu au kwenye gurudumu la namna za kupiga ile ya kunyanyua kioo mapema. Bonyezo la kwanza linanyanyua kioo, unasubiri, la pili linapiga picha. Tumia rimoti, ukibonyeza kwa kidole umerudisha mtetemo uliokwisha kuutoa. Ukiwa huna rimoti, kamera nyingi ukiunganisha kunyanyua kioo na taima ya sekunde 2, zinafanya yote mawili kwa bonyezo moja.

Usubiri kwa muda gani? Lenzi fupi, sekunde 2 zinatosha. Lenzi ndefu na nzito juu ya tripodi nyembamba inaweza kuhitaji tano au zaidi. Kuna njia rahisi ya kujua: washa skrini, kuza picha hadi mwisho, igonge kamera taratibu kwa ukucha, uhesabu hadi picha iache kucheza. Muda huo ndio wako. Canon walipotoa 5DS ya megapikseli 50 mwaka 2015 waliweka kwenye menyu uchaguzi wa kusubiri kati ya 1/8 ya sekunde na sekunde 2 baada ya kioo kupanda, na kioo chenyewe wakakiendesha kwa mota ili kisigote kwa nguvu. Ukiona mtengenezaji amejisumbua kiasi hicho, ujue jambo si la kubuni.

Tahadhari mbili. Kioo kikiwa juu usiielekeze kamera kwenye jua, kwa sababu lenzi inageuka kuwa kioo cha kuwashia moto na mapazia ya shata ni membamba mno. Pia usikichanganye kipengele hiki na kile cha kunyanyua kioo kwa ajili ya kusafisha kihisi. Majina yao kwenye menyu yanakaribiana, kazi ni tofauti kabisa.

Ukipenda kutunga picha kwa kutazama skrini badala ya kitundu, kioo tayari kiko juu, na kwenye kamera nyingi hiyo pekee inaondoa kishindo kikubwa. Lakini sikiliza. Baadhi ya kamera hushusha kioo na kukinyanyua tena kabla ya kupiga hata ukiwa unatazama skrini. Ukisikia milio miwili mizito badala ya mmoja mwepesi, hujafaidika chochote.

Hatua ya nne: pazia la kwanza la kielektroniki

Kwa wasio na kioo hii ndiyo dawa ya kwanza, na hata DSLR kadhaa zinayo. Badala ya chuma kukimbia, kihisi chenyewe kinaanza kupokea mwanga mstari kwa mstari, kana kwamba pazia limepita. Pazia la pili la chuma ndilo linalofunga mwishoni. Kwa kuwa hakuna chuma kinachotembea mwanzoni, hakuna cha kutetemesha picha. Kwenye baadhi ya DSLR, Nikon D810 ikiwemo, kipengele hiki hufanya kazi pale tu unapokuwa kwenye namna ya kunyanyua kioo. Ukikiwasha bila kunyanyua kioo, umewasha jina tu.

Nashauri kiachwe kimewashwa siku zote, isipokuwa kwenye kasi za juu sana, kuanzia 1/1000 kwenda juu, ukiwa na upenyo mpana kama f/1.4. Hapo mduara wa taa zilizo nje ya fokasi unaweza kukatwa upande mmoja. Kwenye kasi hizo mtetemo haukusumbui hata hivyo, kwa hiyo rudi kwenye chuma bila majuto.

Shata ya kielektroniki kamili haina mtetemo wowote, na baadhi ya kamera, kama Nikon Z9 ya mwaka 2021, hazina kabisa shata ya chuma. Kwenye nyingi nyingine, ubaya ni kwamba kihisi kinasomwa polepole kutoka juu hadi chini. Gari linalopita linainama. Taa za LED zinaweza kuacha mistari ya giza na mwanga. Flashi mara nyingi haikubali. Kwa mlima, jengo, au mdudu aliyetulia, itumie. Kwa mchezaji anayepiga mpira, fikiria kwanza.

Hatua ya tano: mahali kamera imekaa

Nguzo ya katikati ya tripodi ishushwe. Ukiinyanyua umeweka kamera juu ya fimbo, na fimbo hucheza. Fungua kwanza vipande vinene vya miguu. Vile vyembamba vya chini viwe vya mwisho. Lenzi ndefu yenye pete yake ya kufungia ifungwe kwa pete hiyo, isining'inizwe kwa mwili wa kamera. Mkanda wa shingoni utoe au uukunje, maana upepo unaufanya tanga. Ukitundika begi chini ya tripodi kuongeza uzito, liguse ardhi. Likining'inia linageuka bembea.

Ukiisimamisha kamera wima kwa kukilaza kichwa cha tripodi pembeni, mtetemo uliokuwa wa juu na chini sasa unakuwa wa kushoto na kulia, na uzito umetoka nje ya kitovu. Tripodi nyingi ni dhaifu zaidi hapo, kwa kuwa husokoteka. Bati la kufungia lenye umbo la L, linalokuwezesha kuigeuza kamera huku uzito ukibaki katikati, ni kati ya vitu vichache vya ziada ninavyoona vina thamani yake.

Wapiga picha wa ndege na wanyama mara nyingi hawanyanyui kioo kabisa, na picha zao ni kali. Ndege hakusubiri sekunde tano. Wao huweka kiganja juu ya lenzi, wakabana jicho kwenye kamera, wakabonyeza kwa kubingirisha kidole badala ya kukigonga. Nyama ya mwili inakunywa mtetemo kuliko chuma. Mfuko wa kitambaa uliojaa maharage au mchanga, lenzi ikalala juu yake, unafanya kazi hiyohiyo, na kwa lenzi nzito wakati mwingine unaishinda tripodi.

Hatua ya sita: pale ambapo hakuna kitufe cha kusaidia

Kamera ya zamani isiyo na namna ya kunyanyua kioo haijafika mwisho wa njia. Kama picha ni ya sekunde moja au zaidi, chukua kadi nyeusi, uishike mbele ya lenzi bila kuigusa, fungua shata kwa namna ya kuiacha wazi, subiri mtetemo uishe, kisha ondoa kadi kwa muda unaotaka na uirudishe kabla ya kufunga. Wapiga picha wa nyota walikuwa wakifanya hivi kwa kofia. Kadi yenyewe ndiyo shata, na haina springi.

Kwa vitu vidogo vya karibu, kama mdudu au punje ya mchanga, flashi inashinda yote. Fanya chumba kiwe giza, weka shata kwenye sekunde moja, na uipange flashi iwake kwa pazia la pili, yaani mwishoni. Kioo kinagota, pazia linakimbia, kamera inatetemeka gizani bila kuandika chochote, na inapotulia ndipo flashi inamulika. Mmuliko wa flashi ndogo iliyopunguzwa nguvu unaweza kuwa mfupi kuliko 1/10,000 ya sekunde. Hakikisha tu hakuna mwanga mwingine: piga picha moja flashi ikiwa imezimwa, na kama haikutoka nyeusi tii, tafuta taa uliyoisahau au ziba nyufa za pazia la dirisha.